Kushoto kwa Mbuzi

Mdogo wangu alichemsha mbuzi mzima kwenye sufuria yangu kubwa, siku mbili, nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa amevunjika shingo kwenye banda la chuo, na yeye, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, aliomba mifupa. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Tunanusishwa supu tu. Mwaliko uko wapi?"

"Karibu, mama," mdogo wangu akajibu. "Ila hii ukinywa utaanza kutafuna nguo kwenye kamba."

Aliisugua mifupa, akaianika, akaandika kila mmoja jina kwa wino mweusi. Bega moja liliondoka na mbwa. Tangu hapo kila Jumamosi wenzake watano walijaa sebuleni kwangu, gunia katikati. Mtu anafumba macho, anaingiza mkono, anataja alichoshika. Akikosea, anaosha vyombo. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kwa kusikiliza tu nilijua paja na muundi.

Mdogo wangu alifariki akiwa mwaka wa tatu, kwa homa ya siku nne. Wenzake walikuja kuzika, wakaja arobaini, kisha wakaona haya kuja. Jumamosi nilikuwa naosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Miezi mitano baadaye akaja kiongozi wa darasa lao, waliyemwita Kiranja.

"Dada, tunaomba gunia. Wa mwaka wa kwanza wako sitini, na chuo kina kiunzi kimoja cha mifupa. Mtihani wa mifupa ni Jumatatu."

Nilimpa. Akaanza kukagua mmoja mmoja, akafika kwenye bega, akalitazama kwa makini.

"Hapa ameandika kushoto. Hili ni la kulia." Akanionyesha: tundu la kiungo chini, ukingo uliosimama ukuelekee, upande mwembamba ndiko kilipo kichwa cha mbuzi. "Mwalimu hutuimbia kila siku, kushoto kwako si kushoto kwa mbuzi. Mdogo wako alipima kwa mkono wake mwenyewe." Akatoa pamba na spiriti. "Nafuta mara moja."

"Hilo liache."

"Dada, ndilo bega pekee tulilonalo."

"Liache."

Akarudisha pamba mfukoni. "Haya. Tutawaambia mbuzi wetu anaenda likizo bega moja moja." Hakucheka, nami sikucheka. Aliondoka na gunia, bega likabaki. Nilikaa na neno lile mkononi. Mdogo wangu aliandika k yenye mkia mrefu, kama anaivuta isikimbie.

Jumapili mchana nikasikia hodi. Msichana wa mwaka wa kwanza, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo dada. Nimeambiwa bega liko hapa. Ninarudia mtihani. Nikianguka tena kesho, narudishwa nyumbani."

Nikampa. Alikaa kwenye kochi, akasoma maandishi, akafumba macho na kupapasa.

"Kushoto," akasema taratibu. "Tundu hapa, ukingo hapa, kushoto. Kushoto."

Alisema kwa imani yote. Niliposikia mara ya nne, nilishindwa kukaa.

"Siyo. Ni la kulia."

Akafumbua macho. "Limeandikwa."

"Limeandikwa vibaya." Nikamwonyesha nilivyoonyeshwa. Akaligeuza mara tatu, kisha akacheka kidogo, kwa nafuu.

"Kumbe. Aliyeandika ni nani?"

"Mdogo wangu. Alikuwa anajua. Siku ile alipitiwa."

Akatazama mlango uliofungwa wa chumba cha mdogo wangu, akainamisha macho.

"Naomba kalamu yako," nikasema.

Nilipitisha mstari mmoja mwembamba juu ya neno, ili bado lisomeke. Chini yake, kwa mwandiko wangu wa shule, nikaandika: kulia. Nikalipuliza likauke, nikamkabidhi.

"Jumanne nitakurudishia, dada."

"Peleka kwenye gunia, likae na wenzake. Ila kesho ukitoka, pita hapa uniambie walikuuliza mfupa gani."

Nilimsindikiza hadi getini. Alienda amelibandika begani kwake, upande mmoja, kisha mwingine, midomo ikicheza. Nilisimama hadi alipokata kona, na baada ya hapo bado nikasimama.