Anayeisemea Tableti

Tableti ilikuwa nyembamba kiasi kwamba siku ilipofika, wifi yake Besi aliigeuza huku na huku, akauliza yenyewe iko wapi, au hili ni jalada tu. Mume wa Besi ndiye aliyeituma kutoka ughaibuni anakosimamia ghala, na alijisifia wembamba wake utadhani ameuchonga kwa mikono yake. Picha zilikuwa safi, haki ya mtu apewe. Ungeweza kuhesabu ndevu. Lakini sauti! Ilitokea pembeni, kwenye vitundu vilivyoonekana vimetobolewa kwa sindano, na ilitoka kali, kavu, isiyo na kifua. Fundi simu wa mtaa wa pili aliitazama akacheka. Alisema sauti nzito inataka nafasi ya kupumulia, na humo ndani hata punje ya mchele haienei. Hakuna cha kutengeneza, imezaliwa hivyo.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kununia siku mbili na kulisahau. Kwa mama mkwe wa Besi lilikuwa balaa, maana masikio yake nayo yalikuwa yamechakaa kwa namna yake. Lori likipita barabarani, analisikia. Mlango ukibamizwa, anashtuka. Zilizomtoroka ni sauti kali na nyembamba: ndege, kengele, watoto wa jirani. Kwa hiyo kile mama alichoshindwa kukisikia ndicho hasa tableti ilichoweza kukisema. Kifaa cha masikio alichopewa hospitali alikivaa kwa shingo upande, akasema kinampigia mluzi kichwani, akakitia kabatini. Vile vya kuchomeka kwenye tableti navyo alivitoa mara moja, akasema hawezi kuzungumza na mwanawe huku mdudu yuko sikioni.

Ikabaki Besi. Jina hilo alipewa shuleni, walipomtoa upande wa wasichana kwenye kwaya wakamsimamisha na wavulana wanaoimba besi, naye akalia mpaka macho yakavimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutoka tumboni, na katika nyumba ya mumewe ikawa ndiyo sauti pekee ambayo mama aliisikia bila kuinama. Besi akisema kitu jikoni, mama anakijibu sebuleni.

Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, tableti iliegemezwa kwenye chupa ya chai, waya wake umechomekwa ukutani kwa sababu betri ilishakata tamaa zamani. Mama alikaa kwenye kochi. Besi alikaa kwenye kigoda katikati. Mume anasema, mama anauliza, "Anasema nini?" na Besi anarudia.

Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Mumewe akiuliza kama Besi ni mzima, mama hutaka kujua anasema nini, na Besi hujikuta akitangaza kwa sauti ya mnada kwamba anauliza kama mimi ni mzima, mama. Siku moja mwanamume yule, ambaye maneno yake huyatoa kama mtu anayelipa kodi, alijikaza akasema amemkumbuka mkewe. Mama akauliza anasema nini. Besi, uso ukimwaka, akasema amenikumbuka. Mama akauliza, na mimi je? Na wewe pia, mama. Mumewe hakurudia tena neno hilo. Ujumbe wa simu nao aliujibu kwa "sawa," hata pale ambapo sawa haikuwa jibu. Besi akawa mke ambaye hajazungumza na mumewe peke yake kwa muda mrefu kiasi kwamba angepewa nafasi asingejua aanzie wapi.

Kosa lilifanyika siku mama aliporudi kutoka kliniki, goti limevimba, kavaa kitenge kizuri kwa ajili ya simu. Mumewe alisema mwambie mama likizo hakuna. Ndivyo alivyosema, likizo hakuna, kama mtu anayesoma bango. Mama akauliza anasema nini, amenyoosha shingo, macho yamemtoka kwa hamu. Na Besi, aliyekuwa amechoka na hana moyo wa kumwona yule mama akinywea, akasema, "Anasema likizo bado anaiomba."

Kilikuwa kiraka kidogo tu. Jumapili iliyofuata mama aliuliza kama imeshapatikana, na kiraka kikahitaji kiraka kingine. Bosi wake anaifikiria. Bosi amekaribia kukubali. Huenda Desemba. Inshallah Desemba. Na katikati Besi akashonea maneno matamu ambayo mumewe hakuyasema. Mama akaanza kuzungumzia kupaka nyumba rangi. Akaongea hayo mbele ya tableti, kwa sauti ya kiziwi inayosikika hadi barabarani, na mumewe akamuuliza Besi mama anaota nini. Besi akamjibu harakaharaka kwamba ni mambo ya uzee, usimjali. Hapo alikuwa ameshawadanganya wote wawili, mmoja kwa huruma na mwingine kwa woga, naye amekaa katikati yao kwenye kigoda.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Besi alikuwa na kwao kwingine: meza ya kujalidi vitabu kwenye karakana ya uchapaji, alikofanya kazi kabla ya kuitwa kuja kumwangalia mama kwa muda, na ule muda hakuna aliyeuwekea mwisho. Alizipenda kurasa zinapokunjwa, uzi unapopita mgongoni mwa kitabu, gundi inaponata vidoleni. Siku hizi akitoka kwenda dukani, mama humpigia simu kabla hajafika kwenye kona. Akioga, mama hugonga mlango kuuliza kama yumo. Mama hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililomfunga Besi. Angekuwa mkorofi, angeondoka siku nyingi akiwa amejitwisha sanduku kichwani na watu wangempa haki.

Msimamizi wa karakana akampigia. Mjalidi mmoja ameacha kazi, nafasi ipo, lakini aonekane Jumatatu, vinginevyo anamchukua mtu mwingine na hatamtafuta tena. Na wifi, dada mkubwa wa mumewe, alishaandaa chumba nyumbani kwake, cha chini, choo kando, mlango mpana. Alikuwa anamtaka mama yake kwa moyo mmoja. Mama ndiye aliyekataa. Alisema haendi popote, mwanawe anakuja Desemba, akute nyumba imefungwa kufuli?

Wifi alimpigia kaka yake kumuuliza ahadi hiyo ameitoa lini, naye akasema hajatoa ahadi yoyote. Wifi hakumwamini. Alimjua tangu utoto, alisema, huyo alikuwa anakana kula sukari huku sukari iko mdomoni. Besi alikuwa amesimama palepale na beseni la nguo. Akatoka kwenda kuzianika.

Ndiyo maana Jumapili ile wifi alikuja na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa begi la kumfungia mama nguo, na alilifunga, kwa ubishi uleule aliourithi kwa mama mwenyewe, akaliweka mlangoni. Cha pili kilikuwa spika isiyo na waya, ukubwa wa mkate, nzito mkononi, imevishwa kitambaa mbele. Muuzaji alimwambia hiyo inatoa sauti ya kweli ya mtu. Leo, wifi alisema, mama atamsikia mwanawe kwa masikio yake, na mwanawe atasema mwenyewe anakuja au haji, na mimi nitajua nani ananifanya mjinga.

Spika ilihitaji kuunganishwa na tableti, na aliyeijua tableti ni Besi. Wifi alikwenda jikoni kumimina chai. Besi akabaki na kioo mbele yake, jina la spika limetokea, linasubiri kidole. Angeweza kusema imekataa. Nani angembishia? Tableti ile ilikuwa na lawama za kutosha, moja zaidi isingeiua. Aliogopa fedheha, hilo halina mjadala. Lakini alichoka pia, alichoka kuliko alivyoogopa, na alitamani ukweli utoke bila kupitia kinywani mwake. Watamchukia, sawa. Jumatatu atakuwa kwenye meza yake ya gundi akichukiwa kwa amani. Akabonyeza.

Spika ikatoa mlio mmoja mzito wa kujitambulisha, na mama akageuza kichwa. Ameisikia. Akacheka peke yake, akaigusa kwa ncha za vidole.

Mumewe alipopokea na kusema haloo, sebule nzima ilijaa. Besi mwenyewe alishtuka. Alikuwa amesahau kwamba mumewe ana sauti nzito. Miaka yote hiyo alikuwa anasikia uzi mwembamba wa mtu, na kumbe mtu mwenyewe yuko hivi, na kitu kikamchoma kifuani ambacho hakuwa na muda nacho.

"Huyu ni baba yake," mama alisema, mkono kifuani. "Sauti ya baba yake hii. Mwanangu, nakusikia!"

Mwanamume alizoea mazungumzo ya kupokezana, aseme, asubiri, arudiwe. Sasa mama yuko mbele yake bila kizuizi na hakujua aufanyie nini ukaribu huo. Akauliza kama dawa anakunywa. Mama akasema anakunywa. Akauliza goti. Goti linaendelea. Basi vizuri, akasema. Mama alikuwa anasubiri yale mengine, yale ya kila Jumapili, kwamba amemkumbuka, kwamba anaota mapishi yake, kwamba amemwona mama mmoja njiani akadhani ni yeye. Hayakuja. Besi alilitazama zulia.

Mama akaona amsaidie. Akauliza Desemba anakuja tarehe ngapi, ili fundi wa rangi ajue ashike brashi lini.

"Desemba gani, mama?" Sauti ilitoka wazi, kila neno limeshiba. "Mimi siji. Nimesaini mkataba mwingine, na nilishasema likizo hakuna tangu mwaka jana. Besi hakukwambia? Dada ameandaa chumba, nenda ukakae huko. Haya, magari yananisubiri getini, nipe Besi nimsalimie."

Wifi aliweka kikombe chini. Hakumtazama mama, alimtazama Besi, na taratibu uso wake ukaanza kupiga hesabu ya Jumapili zote zilizopita. Besi alikuwa amekaa mikono mapajani, amechoka, na chini kabisa ya aibu yake kulikuwa na unafuu. Imetoka. Imekwisha.

Mama hakulia. Alinyoosha mkono, akaipapasa ile spika, akakipata kitufe, akakibonyeza. Ikazima. Sauti ya mwanawe ikarudi ndani ya tableti, kwenye vitundu vyake, ikawa inalialia huko haloo, haloo, mnanisikia?

"Hiki kidude hakisemi vizuri," mama alisema. "Kinachanganya maneno."

Wifi akamwambia mama, umemsikia mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole haukuwa kawaida yake. Mama akajibu kwamba hajasikia kitu, masikio yake wanayajua, wamwache. Kisha akamgeukia Besi, akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilikaza.

"Anasema nini, mwanangu?"

Besi alimwangalia usoni, na hapo akaona. Mama alikuwa amesikia kila neno. Huenda alijua tangu zamani, huenda amejua sasa hivi, lakini alijua yale maneno matamu yametoka wapi, na hakuwa anayadai kwa mwanawe tena. Alikuwa anayadai kwa mwenye maneno mwenyewe, Besi.

Nyuma ya mama, wifi alikuwa anatikisa kichwa. Usimdanganye tena. Machozi yakimlengalenga, anatikisa kichwa polepole. Begi liko mlangoni, gari liko nje, neno moja tu la kweli na wote watatu wangetoka kwenye chumba kile. Besi alilitafuta neno hilo. Alilipata hata, lilikuwa fupi.

"Sema kama unavyosema siku zote," mama alimwambia.

"Anasema amekukumbuka," Besi alisema.

"Ee. Na Desemba?"

Tableti ilisema haloo. Besi alifumba macho.

"Anasema anakuja."

Wifi aliondoka pale, akalichukua begi mlangoni na kulirudisha chumbani, na walisikia zipu ikifunguliwa. Mama alishusha pumzi. Mkono hakuuachia, aliuhamishia tu mapajani mwake, akaupigapiga kama anavyofanya mtu kwa mtoto aliyemaliza chakula.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema. "Mwambie mimi na wewe tupo hapahapa, hatuendi popote."

Besi akainama karibu na tableti, akamwambia.