Kiganja cha Tukuswiga

Makofi ya Tukuswiga hayakulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya wakwe waliovuka mpaka kutoka Nakonde hadi kwake Tunduma, akakutanisha viganja awasalimu kwa makofi kama desturi inavyotaka, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika na havikubali kunyooka. Haraka akaificha mikono ndani ya kitenge. Rozi, mama wa kijana aliyemposa Erica, binti wa Tukuswiga, akamtazama, na ugali wake akauacha nusu.

Tukuswiga angeweza kusema. Lakini mkono wa baba yake nao ulikunjika hivyo hivyo uzeeni, na alichelea wakwe wasije wakasema ni ugonjwa wa ukoo. Akaona heri aonekane ana maringo. Sasa posa ya binti yake ilikuwa inalegalega, na wakwe wangerudi baada ya wiki tatu kutoa neno la mwisho.

Hospitali ya kwanza walimwambia kiganja kipasuliwe, kisha akae na bendeji miezi miwili. Ya pili, pale pale Tunduma, akamkuta Daktari Lusungu, kijana mrefu mwenye masihara, ambaye mwaka mzima alikuwa akijaribu njia ya upole zaidi.

"Chini ya ngozi kuna utando umekakamaa ukawa kama kamba, mama," alisema. "Siupasui. Nauchomachoma kwa sindano nyembamba mpaka ulegee, halafu tunavuta kidole."

"Umeshawafanyia wangapi?"

"Kumi na mmoja. Wawili vidole vilikunjika tena. Sikufichi."

Ukweli huo ndio uliomtuliza. Ganzi ikaingia, sindano ikafanya kazi yake, kisha daktari akavuta taratibu. Kitu kikaalika ndani ya kiganja, na Tukuswiga, aliyekuwa amejiandaa kulia, akaangua kicheko.

Siku ya wakwe alipiga magoti tena. Safari hii makofi yakalia, mazito na ya heshima, mpaka Rozi akasahau kuitikia.

"Kumbe siku ile ulikuwa unaumwa?"

"Vidole vilijikunja, mkwe wangu. Hata baba yangu alikuwa hivyo." Akamnyooshea kiganja chenye alama ndogo za sindano.

Rozi akakishika, akakigeuza huku na huku, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Na sisi nyumbani kutwa tunayajadili maringo yako! Basi mjukuu akikunja vidole, tunajua pa kumpeleka." Akakiachia kiganja. "Hebu piga tena."

Salamu ilikuwa imeshakwisha, lakini Tukuswiga akapiga tena.