Kitufe, Kitufe, Kitufe

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mfumo mpya sikuuomba mimi. Jumatatu hiyo niliingia kazini kama kawaida, nikakunja fimbo yangu nikaiweka chini ya meza, nikavaa hedifoni, nikawasha kompyuta. Badala ya sauti niliyoizoea, nikapokewa na msichana mwororo kama mhudumu wa benki anayetaka kukufungulia akaunti. "Karibu," akaniambia. "Tuanze safari mpya."

Safari ya wapi? Mimi nilikuwa na ripoti za wagonjwa.

Kazi yangu ni kuandika. Madaktari wa hospitali yetu wakimaliza kumpima mgonjwa wanajirekodi, sauti zao zinaletwa chumbani kwetu, nami nazigeuza kuwa ripoti. Sioni tangu utotoni, na usinihurumie, maana huruma yako sina pa kuiweka. Nina namna yangu ya kufanya kazi. Sikio la kulia ni la daktari. Sikio la kushoto ni la kompyuta, inayonisomea kila ninachoandika na kila ninachokigusa. Mguu uko juu ya kanyagio, kumsimamisha daktari akianza kukimbia, na vidole viko kwenye kibodi. Ukinikuta katikati ya kazi utadhani ni fundi cherehani wiki ya kufungua shule.

Ile sauti ya zamani wenzangu waliiita Shangazi. Ilikuwa kavu, ya puani, haijui kubembeleza, na mimi nilikuwa nimeiongeza kasi mpaka wengine wakaona ni mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Lakini Shangazi hakuwa anaficha kitu. Hapa hifadhi. Hapa futa. Hapa umekosea, rudi. Watu wa namna hiyo ndio ninaoelewana nao.

Huyu mgeni nitamtendea haki. Kompyuta iliwaka upesi kuliko zamani, na sauti yake ingeweza kumlaza mtoto mwenye homa. Nikabonyeza kwenda mbele. "Kitufe," akasema. Nikasogea. "Kitufe." Nikasogea tena. "Kitufe." Nikadhani amekwama. "Picha," akasema kwa furaha, kisha, "Kitufe." Kitufe cha nini, mwanangu? Hakuna alichokijua kwa jina. Nikafungua ripoti nikaanza kuandika, naye akanyamaza kimya, kama mgeni aliyekuta wenye nyumba wanagombana. Niliandika sentensi nzima bila kujua kama imeingia kwenye ripoti au imeangukia sakafuni.

"Shemeji!" nikaita.

Shemeji ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, tena ndiye mume wa mdogo wangu, na nyumba tunakaa moja. Ni mtu mwema, ila akisikia neno "mpya" anasahau hata njia ya kwao. Alikuja mbio, nikasikia pumzi yake kabla ya maneno.

"Umeuona, shemeji? Haujatoka rasmi huu! Wanaoujaribu dunia nzima ni wachache, na sisi tumo!"

"Nimeusikia. Shangazi yuko wapi?"

"Nimemtoa. Hakubali kukaa na mfumo mpya."

"Umemtoa bila kuniuliza?"

"Nilitaka ushtuke kwa raha. Na Mkuu alisema tuanzie kwako, kwa sababu humu ndani hakuna anayeandika kama wewe. Ukikufaa wewe, umemfaa kila mtu." Akavuta kiti. "Sasa tatizo ni nini? Si unaongea?"

"Kasuku naye anaongea. Mbona hamkumwajiri?"

Alicheka, akatazama skrini, na kwa macho yake mambo yote yalikuwa shwari. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa na kipicha chake kizuri, cha kufuta kina chake, rangi zinameremeta. Watengenezaji walichora vipicha wakasahau kuvipa majina, na kisicho na jina sauti haiwezi kukisoma.

"Ni toleo la majaribio tu," akasema. "Watarekebisha."

"Lini?"

"Huko mbele."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini Mkuu wa kitengo alikuwa ameshafika mlangoni. Huyu tunamwita Kisasa, maana kwake kila kitu lazima kiwe cha kisasa, hata ufagio. Viatu vyake vinalia kabla hajaingia.

"Dada yetu! Mfumo unasemaje?"

"Unasema kitufe, Mkuu."

Alicheka sana, akidhani ni utani. Kisha akanieleza mpango wake. Ijumaa uongozi wote wa hospitali ungekutana ukumbini kuamua kama mfumo uwekwe kwenye kompyuta zote. Mimi ningesimama kueleza nilivyouona kwa mara ya kwanza. Nisipate tabu ya kufikiri, kwani alikuwa ameshaniandikia. Akanisomea: "Hata mimi nisiyeona, mfumo huu umenifungulia macho."

Safari hii nilicheka mimi, peke yangu.

"Mkuu, siwezi kufanya kazi na kitu hiki. Nirudishieni wa zamani."

"Haturudi nyuma," akasema kwa upole wa kutisha. "Lakini sitakutesa. Mpaka mfumo ukomae utakaa chumba cha simu. Kazi nyepesi, unapokea, unaunganisha. Ni kwa muda tu."

Chumba cha simu kiko chini ya ngazi, kinanuka rangi ya zamani, na kila mtu hospitalini anajua maana ya "kwa muda". Mtunza stoo aliyevunjika nyonga alipelekwa mle kwa muda. Muuguzi aliyebishana na bosi wake alipelekwa mle kwa muda. Wote wawili walistaafia humo.

Jioni tulikaa mezani watu watatu, na mtu wa nne alikuwa ule mfumo. Shemeji alikuwa anazungusha kijiko kwenye bakuli bila kula. Mdogo wangu ndiye aliyeanza.

"Dada, kwani simu ina ubaya gani? Mshahara ni ule ule. Tena utapumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Mimi naongea kama mdogo wako. Mfumo ule mume wangu ndiye aliyeuleta. Ukiuponda mbele ya wakubwa, unamponda yeye. Sema hayo maneno mawili, yaishe."

Iliniuma, na sitasema haikuniuma. Angeniambia Kisasa ningemcheka, lakini huyu nimemfunga kamba za viatu akiwa mdogo, kwa kupapasa.

"Nisikilize," nikamwambia. "Kile kiti nilikipata kwa mtihani ule ule waliofanya wenye macho yao. Hakuna aliyenishika mkono. Siku nikitoka pale, hawatamweka mwingine kama mimi. Watasema tulishamjaribu mmoja, ikashindikana. Unataka nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mambo ni mazuri, halafu niende chini ya ngazi nikanyamaze?"

Shemeji aliweka kijiko chini, akaondoka mezani.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kwa kupapasa kama mwizi. Ripoti iliyokuwa ikinichukua muda wa kunywa chai, sasa ilikula nusu ya asubuhi, kwa sababu kila kitufe ilibidi nimwite mwenzangu aniambie ni cha nini, na kesho yake vimehama. Mwenzangu mwenyewe akaanza kuvuta pumzi ndefu kila nikimwita. Nilizisikia, na nikawa namwita hivyo hivyo.

Ijumaa kompyuta yangu ikabebwa mapema hadi ukumbini, ikawekwa juu ya meza mbele ya viti vya wakubwa. Daktari wa mifupa alikuwepo pia, yule anayerekodi huku anatafuna karanga. Kisasa akanitambulisha kwa maneno mengi ya sukari, kisha akanipisha. Karatasi yake, aliyoniagiza niikariri, sikuwa nimeikariri.

"Shemeji," nikasema. "Geuza skrini itazame ukuta. Halafu chomoa hedifoni, chomeka spika kubwa."

Nilijua Shemeji anamtazama Kisasa, na nilijua Kisasa anamtazama vipi. Nikangoja. Kisha nikasikia skrini ikizungushwa juu ya meza, na spika zikakoroma.

"Humu ndani kuna ripoti ya mgonjwa wa daktari wa mifupa," nikawaambia. "Nimeiandika hapa hapa asubuhi hii kabla hamjaingia, haijahifadhiwa. Mbele yangu kuna vitufe. Kimoja kinahifadhi, kimoja kinafuta. Msikilizeni mwenyewe awaambie kipi ni kipi."

Nikabonyeza. "Kitufe," msichana akatangaza, sauti ikajaa ukumbi mzima. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Watu walicheka. Nikawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Mkuu, nichagulie."

"Geuza skrini nione," akasema Kisasa.

"Mimi nimegeuziwa skrini tangu Jumatatu. Chagua."

"Sasa huu ni mchezo gani? Sema cha pili, basi. Cha pili."

"Una hakika?"

Nikarudi kwenye kitufe cha pili, nikainua kidole juu ili wote wakione.

"Acha!" Kiti kilianguka. Alikuwa daktari wa mifupa. "Usibonyeze! Huyo mama anapasuliwa kesho asubuhi, rekodi yenyewe nimeshaifuta!"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Nikashusha mkono polepole nikauweka mapajani. Shemeji akageuza skrini, akahifadhi ripoti mwenyewe, na nikasikia daktari akishusha pumzi.

Ungedhani imeisha. Kisasa hakosi la kusema.

"Waheshimiwa, mmejionea," akasema. "Ndiyo maana nilipendekeza dada yetu aende kwenye simu. Kazi hii sasa imemzidi."

Nikamgeukia.

"Kazi haijanizidi," nikamwambia. "Nimeifanya miaka yote hii, na madaktari wote humu wanajua. Kilichobadilika si mimi. Mmeleta kitu kisichojua kazi yangu, halafu mnaniondoa mimi. Kama lazima mmoja wetu aende chini ya ngazi, kipelekeni chenyewe."

Uongozi ukasema utatafakari. Watu wakaanza kutoka, viti vikiburuzwa. Kisasa akainama sikioni kwangu, harufu ya peremende. "Jumatatu, chumba cha simu. Hilo ni agizo."

Mwisho wa wiki nyumbani hatukuzungumzia jambo hilo. Nilifua nguo zangu, nikapiga pasi gauni la kazini, na usingizi wa Jumapili ulikuwa wa vipande vipande. Niliogopa. Mtu anayesema haogopi kupoteza kazi, basi kazi hiyo haihitaji. Lakini asubuhi nilipofika kwenye ngazi, miguu yangu haikuuliza. Ilipita mlango wa chumba cha simu, ikapanda.

Kwenye meza yangu kulikuwa na mtu.

"Ni mimi, shemeji," akasema. "Kaa. Vaa."

Nikavaa hedifoni. Ile sauti kavu ya puani ikanijia kwa kasi yake yote, haijasalimia wala haijaomba radhi. Hifadhi. Futa. Fungua. Nilishika meza kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Kisasa anajua?"

"Hajui. Mfumo mpya nimeutoa kwenye kompyuta yako. Na watengenezaji nimewaandikia, nimewaambia mfumo wao ni nusu mfumo. Nimeweka jina langu."

"Atakufukuza."

"Nitakaa nyumbani nipike. Mdogo wako mwenyewe anakiri namshinda jikoni."

"Na yeye? Anajua ulichofanya?"

Nikamsikia akikusanya nyaya zake.

"Leo ndiye aliyeniamsha," akasema. "Akaniambia niwahi, kabla hujafika."

Nikaweka mguu kwenye kanyagio, nikamfungulia daktari sikio la kulia. Alikuwa wa mifupa, na karanga zake kama kawaida, anaeleza jinsi yule mama alivyoamka baada ya upasuaji na kusogeza vidole vya mguu. Shangazi akawa ananirudishia kila neno kushotoni, na vidole vyangu vikaanza kukimbia. Sijui niliandika kwa muda gani kabla ya kusikia vile viatu vikilia kwenye korido. Shemeji alisimama, lakini hakuondoka.

"Nani amekuruhusu kukaa hapo?" Kisasa aliuliza, na mlango ukagonga ukuta.

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio. Kumsimamisha daktari ilikuwa jambo la kukanyaga tu. Sikukanyaga.

"Subiri nje, Mkuu," nikamwambia. "Niko na mgonjwa."