Siku Niliyokataa Kukaa Eda

Biasha alishanivua hereni ya kulia, sasa alikuwa anaivizia ya kushoto. Nikaifunika kwa kiganja.

"Wifi, usitutie aibu. Mume amefariki, wewe na mapambo!"

Habari aliileta Masoudi, mnunuzi wa ufuta, aliyepita Chiola asubuhi kwa pikipiki. Mume wangu Mudrik alikuwa amekwenda Nachingwea kununua salfa ya mikorosho. Masoudi alimkuta hapo Chiola, kalazwa mkekani uani kwa watu, kafunikwa shuka, kofia yake ya bluu kifuani, wanawake wakiangua kilio. Tulimpigia Mudrik, simu yake haikupatikana. Kabla ya adhuhuri nyumba yetu hapa Nkowe ilijaa watu na masufuria ya kuazima.

Machozi yangu yaligoma. Kisa ni riwaya moja ya upelelezi niliyoinunua stendi, jalada lina bastola. Ndani yake mpelelezi, katikati ya risasi, anamtaja mwanafalsafa wa zamani aliyetilia shaka karibu kila kitu: ukiletewa habari nzito, pima kwanza lipi ni rahisi, jambo lenyewe kutokea au mletaji kukosea? Nilipousoma ule mstari nilicheka. Siku ile niliung'ang'ania kama mtoto na kanga ya mama yake.

"Watu hufa kila siku, Hajra," Biasha alisema. "Usijidanganye."

Hapo alinibana kweli, kwani kifo si muujiza. Niliogopa, ila nikamwita Masoudi.

"Shemeji, uso wake uliuona?"

"Shuka lilimfunika. Kofia ndiyo niliyoijua."

"Na watu wote walikuwa wanalia?"

Akakuna kichwa. "Wengine walicheka. Nikasema hawa hawana adabu, nikaondoka."

Moyo ukanilipuka. Huku kwetu anayecheka msibani ni mtani, na mtani hodari hulala mkekani akajifanya ndiye marehemu, haamki mpaka apewe chochote. Mudrik ana watani Chiola. Sikuthubutu kulisema hilo kwa sauti. Je, kama nimekosea mimi?

Alasiri pikipiki ilisimama. Mudrik akateremka, akaona umati, akavua viatu taratibu.

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

"Wewe," nikasema.

Akakaa kitako katikati ya waombolezaji wake. "Mimi? Amefariki mtani wangu, mzee Kaimu. Ningepitaje bila kumlalia mkeka?"

Ndipo kilio kikanitoka chote, na raha ya kilio kile sijaipata tena.

"Na simu?" nikafoka.

"Niliizima. Maiti gani inaita mfukoni?"

Nikampiga kofi la bega. Kisha nikamshika palepale nilipompiga, na sikumwachia mpaka magharibi.