Pini Nne za Delmar Stroud

Kila mwaka Delmar Stroud alipokea barua ya kumwalika kwenye mkutano wa kikosi, na kila mwaka aliitia kwenye droo ya misumari na kuifunga. Kwenye ukingo wa kila barua palikuwa na mstari ulioandikwa kwa mkono: "Tunakusubiri, Stroud. Haskell hana wa kumjibia." Mwaka huu daktari alimwambia moyo wake umechoka, naye akaona heri auchoshe kabisa. Akajaza gari mafuta, akaendesha kutoka Oregon mpaka Lemoore, California, huko kwenye mashamba ya pamba na joto lisilo na adabu. Pembeni yake, kwenye kiti, aliweka kimfuko cha turubai chenye pini nne za chuma, kila moja na utepe wake mwekundu.

Zilipaswa kuwa tano.

Mwaka 1972, akiwa na miaka ishirini, Delmar alikuwa fundi wa ndege kwenye manowari ya kubeba ndege, mbele ya pwani ya Vietnam. Rubani wake alikuwa Luteni Warren Haskell, mtu wa kugawa biskuti za mkewe na kumwita fundi wake "bosi". Kila kabla ya kuruka, Delmar alichomoa pini tano za usalama, akaziinua juu, na rubani akazihesabu kwa vidole. Moja ilikuwa ya kiti, kile kinachomrusha rubani nje ndege ikipigwa. Pini hiyo ikisahaulika, kiti hakiendi popote, na rubani anaanguka na ndege yake.

Asubuhi moja upepo ulikuwa mkali na kila mtu ana haraka. Delmar aliinua fungu la tepe bila kuhesabu, kwa sababu hakuwahi kukosea. Haskell akainua vidole vitano bila kutazama, kwa sababu Delmar hakuwahi kukosea. Mazoea yana tabu. Ndege ikarushwa, Delmar akafungua kimfuko, akakuta nne, na kwa kuwa zote zilifanana, hakujua iliyokosekana ni ipi. Baada ya saa moja na nusu ndege zilirudi, na ya Haskell haikuwemo.

Hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Delmar alikuwa mtungi na kata pia. Mkewe Jean alitaka mtoto, Delmar akakataa. Hakujiamini tena na uhai wa mtu. Jean akavumilia miaka sita, akaondoka.

Kikosi kilikuwa na desturi yake. Baada ya chakula cha mchana majina ya marubani waliopotea husomwa, na kwa kila jina fundi wake husimama akasema, "Alitoka salama." Maana yake, alipotoka mikononi mwa fundi, ndege yake haikuwa na kasoro. Ndiyo sababu Delmar hakuwahi kuja. Angesemaje uongo huo mbele ya watu? Leo alikusudia kusema kweli kwa mjane kabla majina hayajafika herufi ya H.

Mlangoni alipokewa na Burke Tillotson, aliyerusha ndege ubavuni mwa ile ya Haskell siku ile, na ndiye mwandishi wa ile mistari ya barua.

"Huyu ni Stroud au baba yake?"

"Ni mimi, afande."

"Afande wako kastaafu zamani. Siku hizi afande yuko nyumbani kwangu, na kanikataza nyama yenye mafuta. Njoo tuile kabla hajapiga simu."

"Mjane wa Haskell yupo?"

"Lorna? Yule pale, meza ya viazi. Miaka thelathini na mitano kauza dawa hospitalini, mpaka leo anahesabu maharage kwenye sahani."

Lorna Haskell alikuwa mwembamba, na miwani inaning'inia kifuani. Burke aliketi kando yake, Delmar hakuketi. Alimimina pini mezani, katikati ya sahani.

"Bi Lorna, mimi ni Delmar Stroud, fundi wa Warren. Nadhani mimi ndiye niliyemuua."

Akaeleza yote, upepo, haraka, fungu la tepe, vidole vitano. Alipomaliza, Lorna alimtazama Burke, na Burke alikuwa ameweka uma chini.

"Stroud," alisema, "kiti kiliruka."

"Kiti gani?"

"Cha Warren. Nilikuwa kando yake. Kifuniko kilitoka, kiti kikatoka, mwavuli ukafunguka kama kwenye mafunzo. Kashuka baharini yu hai, kanipungia mkono. Bahari ilikuwa imechafuka, kamba za mwavuli zikamzonga. Helikopta ilichelewa dakika kumi."

"Niliambiwa wiki ile ile," Lorna alisema taratibu. "Nilidhani wote mnajua."

Delmar alimgeukia Burke. "Uliandika hayo?"

"Kwenye ripoti, jioni ile ile. Marubani wote waliisoma."

"Na mafundi?"

Burke aliuokota uma, akaurudisha mezani.

"Mafundi je, afande?"

"Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake atashuka kuwaambia."

"Tulikuwa ngazi ngapi chini yenu?"

"Mbili."

"Ngazi mbili," Delmar alisema. "Miaka hamsini na miwili, Burke, na ilikuwa ngazi mbili."

Alitarajia faraja, lakini iliyotangulia ilikuwa hasira. Alimwona Jean akifunga sanduku lake. Alitamani kupindua meza na viazi vyake. Kisha akaketi, na Lorna akamsogezea glasi ya maji.

"Sina la kujitetea, Delmar," Burke alisema. "Nisamehe."

"Leo siwezi. Niulize mwakani."

"Nitakuuliza."

"Na ya tano ilienda wapi?"

"Upepo, bwana. Upepo ule uliwahi kumpokonya mpishi sufuria, na supu ndani."

Delmar alicheka bila kupenda, na machozi yakapata njia hapo hapo. Hakuyafuta.

Majina yalianza kusomwa. Mafundi wazee walisimama mmoja mmoja, wengine kwa mkongojo, wakajibu. Likafika la Luteni Warren Haskell, na kwa mazoea ukumbi ukanyamaza, maana hapo pamekuwa kimya siku zote.

Delmar akasimama.

"Alitoka salama," alisema.

Vichwa viligeuka. Mkono wake, bila kuulizwa, ulikuwa umezichukua pini mezani na kuziinua juu, tepe zikining'inia. Lorna alivaa miwani. Alizitazama moja moja, midomo ikimchezacheza, hakuharakishwa na mtu. Kisha akainua vidole vinne, akavishikilia hivyo mpaka Delmar alipotikisa kichwa kukubali.