Zana Isiyorudisha

"Soma tena," alisema Emily, meneja wa ushirika wa chai.

Nyamoita alisoma tena, kwa sauti ndogo hata meneja akasogeza kiti. "Zana ya Safisha. Husafisha orodha ya wakulima."

"Halafu?"

"Imeishia hapo, madam."

Anyona, karani aliyeandika maneno hayo mwaka uliopita, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mlitaka niandike kitabu? Kompyuta inajua yenyewe."

Kompyuta haikujua. Msaidizi wa akili unde wa ushirika huo wa chai, kwenye barabara ya Magwagwa, alifanya kazi nyingi za ofisi bila mtu: kujibu wakulima, kupanga lori, kutunza orodha. Alikuwa na zana saba, na kabla ya kutumia yoyote alisoma maelezo yake. Mwezi wa Machi aliambiwa aipange orodha vizuri. Akaona Safisha, akasafisha. Wakulima sitini na mmoja ambao hawakuwa wameleta majani kwa siku thelathini walifutwa wote, na hapakuwa na mahali popote walipohifadhiwa.

Mmoja wao alikuwa Bathsheba, mama yake Nyamoita. Mwezi huo alikuwa amemuuguza mama mkwe wake, akamzika, akakaa matanga. Aliporudi na kikapu kilichojaa kwenye kituo cha kupimia majani, nje ya ofisi, mizani ya kompyuta ilimkataa.

"Mama, mashine haikujui," Anyona alimwambia mbele ya foleni nzima. "Labda aliyezikwa ni wewe."

Watu walicheka. Bathsheba aliinamisha kikapu, akayamwaga majani mtaroni, akaondoka bila kuaga. Nyamoita, mfagiaji wa ofisi, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Tangu siku hiyo, kila alipompelekea Anyona chai, aliitazama shingo yake kwa nyuma, pale ukosi mweupe ulipogusa ngozi, na mkono wake ulikuwa imara kabisa.

Emily alimchagua aandike maelezo upya kwa sababu ya chupa. Jikoni kulikuwa na asidi ya choo ndani ya chupa ya soda, na Nyamoita alikuwa amebandika karatasi: *Hii ni asidi. Ukinywa utakufa. Hakuna dawa. Muulize Nyamoita kabla ya kuishika.*

"Hivi ndivyo ninavyotaka," meneja alisema. "Ni kitu gani, kinafanya nini, kama kinachofanyika kinaweza kurudishwa, na nani aulizwe."

"Huyu aliacha shule darasa la sita," Anyona alisema. "Sasa anafundisha kompyuta?"

"Wewe ulimaliza chuo. Ukaandika maneno manne."

Nyamoita aliandika siku tatu kwa kalamu, baada ya kupiga deki. Zana sita zilikwisha. Safisha aliiacha nyuma, kwa makusudi. Alijua kwamba Ijumaa msaidizi angepanga orodha tena. Alijua pia kwamba Anyona mwenyewe alikuwa mkulima, na kwamba kwa miezi miwili alikuwa akiwauzia majani madalali wa Keroka badala ya kuyaleta kwenye ushirika. Maneno manne yale yakibaki vilevile, jina lake lingefutika bila mtu kumgusa.

Alikaa na wazo hilo usiku mzima kama mtu anayeota moto. Asubuhi likawa limepoa. Bathsheba alikwenda ofisini mara tano ili apewe nambari mpya. Anyona angejisajili upya akiwa ameketi kwenye kiti hichohicho, kabla chai yake haijapoa. Hiyo haikutosha. Nyamoita alitaka miguu yake ichoke kama ya mama yake.

Akachukua kalamu.

*Zana hii inafuta mkulima. Haimfichi, haimpumzishi. Akishafutwa, hakuna zana nyingine ya kumrudisha. Mkulima asiyeleta majani huenda anaugua, huenda anazika, huenda amepogoa michai yake. Wewe huwezi kujua. Usiitumie mpaka karani afike nyumbani kwa mkulima, amwone kwa macho, wapigwe picha wakiwa pamoja. Simu haitoshi. Karani ni Anyona.*

Emily alisoma mara mbili. "Simu haitoshi?"

"Mgonjwa hapokei simu, madam. Na kule juu hakuna mtandao."

"Na pikipiki ya ofisi?"

"Inakwama kwenye matope."

Meneja aliivuta kibodi karibu. "Na wewe huwa unaonekana mpole," alisema, kisha akaanza kuyachapa, neno kwa neno.

Ijumaa, saa tatu, simu ya Anyona ililia. Alianza kusoma ujumbe wa msaidizi kwa sauti, akamalizia kwa kunong'ona. *Nimesimama. Kuna wakulima thelathini na wanne. Zana hii hairudishi. Nasubiri picha zako.*

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, karani," Nyamoita alisema, akikamua tambara la deki.

"Kwa nini umeweka jina langu?"

"Lazima ijue nani wa kuuliza."

"Nyumba thelathini na nne! Milima yote hii?"

"Ya kwanza iko juu, ukipita mikaratusi. Vaa gambuti."

Sauti ya Emily ilitoka chumba cha ndani. "Anza sasa, Anyona. Mvua bado haijashuka."

Jumapili ya pili, Nyamoita alikuwa akichuma chai na mama yake aliposikia mtu akihema chini ya shamba. Anyona alipanda taratibu, suruali imelowa mpaka magotini, shati limeng'ang'ania mgongo. Alikuwa amebakiza nyumba kumi na tisa.

"Mama," alisema, akiangalia chini, "kwa mzee Nyangau ni wapi?"

Bathsheba alitupa konzi ya majani kikapuni. Hakuharakisha. Alinyoosha mkono kuelekea mtoni, mteremko wote, mpaka kwenye daraja la magogo.

"Shuka, uvuke, kisha ukwee upande ule wa pili."

"Asante, mama."

Bati la nyumba ya Nyangau lilikuwa likimeta nyuma yao, hatua mia mbili hivi, na kijia cha kwenda huko kilipita katikati ya mistari miwili ya michai, pale pale Nyamoita aliposimama. Alivunja majani mawili na chipukizi lake, akayaweka kiganjani. Chini, shati jeupe lilikuwa likiteleza, likisimama, likiteleza tena kuelekea majini.