Rwegasira katika Wavu wa Mbao Mbili

Jumatano ile Kokuhirwa alikuwa ameshapaa ngege kumi na wawili, magamba yamemjaa hadi viwikoni, boti ya Bwana Samaki, afisa wa uvuvi wa serikali, ilipotia nanga Kemondo. Boti ilikuwa imetoka Bukoba kulinganisha nyavu mbili za kukokota. Wa kwanza ulishikiliwa mdomo wazi na boriti, na Jumatatu ulileta visamaki vya furu, konokono na tope. Wa pili ulipanuliwa majini na mbao mbili, moja kila upande. Huo ulileta furu mara tatu zaidi, na ukamleta Rwegasira, mume wa Kokuhirwa, aliyezama mwaka juzi.

Alikuwa ameketi juu ya rundo la samaki, anakamua shati. Kokuhirwa alinawa mikono kwanza, kisha akaenda kumpokea.

"Umekonda, Mama Anatolia," mumewe alisema.

"Na wewe umelowa," alijibu, na machozi yakamtoka, kwa kuwa alimpenda sana mtu huyu.

Watu wa ufukoni walimwamkia Rwegasira na kumpa pole ya safari. Mzee Mwijage alimkumbusha kwamba ndoano alizoazima hazijarudi hadi leo, naye akaomba radhi. Aliziazima baada ya wavu wake kuchomwa moto papo hapo ufukoni. Macho ya wavu ule yalikuwa ya inchi nne na nusu, na sheria ilitaka tano. Mtu asiye na wavu huenda mbali, na mtumbwi mdogo haukuumbiwa mbali. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa Kemondo ulikuwa umefika na meno ya upande mmoja.

Karani Buberwa, mtu wa Buganguzi, alimtundika Rwegasira kwenye mizani kama alivyotundika vikapu vya samaki. Ratili mia na thelathini na mbili. Akamwandika kwenye safu ya wavu wa mbao mbili, chini ya neno "Vinginevyo."

Ndipo Kokuhirwa akaomba apewe mumewe akamzike. Mhaya akifa hulala kibanjani kwake, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na mjane huyu hakutaka kitu kingine duniani. Bwana Samaki alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza, Buberwa akitafsiri, kwamba kila kinachoopolewa na nyavu za majaribio hupimwa na kurudishwa ziwani, isipokuwa maiti ambaye hajazikwa. Huyo hukabidhiwa ndugu zake. Akatumwa mtu kwa mkungu, mkuu wa kijiji, akarudi na daftari la mazishi.

Daftari lilisema: Rwegasira, amezikwa.

Ni kweli palikuwa na mazishi. Mwaka juzi, siku tisa zilipopita bila mwili kuonekana, ukoo ulikata mgomba wenye urefu wa Rwegasira, ukaufunga kwa nguo ya magome, ukauzika na kuulilia kama desturi inavyotaka. Kokuhirwa mwenyewe ndiye aliyemng'ang'ania mkungu aandike, asije mtu akasema mumewe ametupwa kama mbwa.

"Ulikuwa mgomba, waitu," alimsihi Buberwa. "Nilizika mgomba."

"Imeandikwa Rwegasira, mama," Buberwa alijibu, akiangalia vidole vya miguu yake.

Rwegasira hakubishana. Aliomba tu kile kijiti cha kupimia macho ya nyavu, kilekile kilichopima wavu wake, akakiingiza kwenye mkia wa wavu uliomleta. Kiligoma. Inchi moja na nusu.

"Huu ni wa utafiti," Bwana Samaki alisema kwa upole. "Inchi tano ni za wavuvi."

"Nilitaka kujua tu," Rwegasira alisema.

Saa tisa wakamrudisha. Taarifa ikapelekwa kwa wakubwa: wavu wa mbao mbili unaopoa zaidi kuliko wa boriti, unafaa kuruhusiwa kwa boti zenye leseni. Mitumbwi ibaki na inchi tano, maana samaki wanapungua.

Majaribio yakaendelea kila Jumatano, na kila Jumatano wavu ulimleta Rwegasira. Kokuhirwa alikaa naye kando ya mizani, akampasha habari za kahawa na za binti yao, mpaka zamu yake ya kurudi ilipofika. Wenzake walimwambia ana bahati, wajane wengine hawaoni hata kivuli. Lakini mbao zilikuwa zinamkwangua Rwegasira. Ratili mia na kumi na tisa. Mia na nne. Jumatano ya sita alikuwa na themanini na moja, na sikio moja lilikuwa limebaki huko chini.

Kokuhirwa alimkausha uso taratibu. Usiku kucha alikuwa amejikaza apate nguvu ya kuyasema haya.

"Baba Anatolia, usije tena. Nakuomba. Ukisikia mbao zinakuja, jifiche kwenye mawe."

"Mawe gani?" mumewe aliuliza. "Wamefagia kote. Kule chini kumekuwa kama uwanja wa shule. Hata furu hawana pa kujificha."

Buberwa akampima, akamwandika, akamrudisha majini.

Jumatano iliyofuata Kokuhirwa aliwahi ufukoni, na kitambaa kikavu mkononi.